Betri Zilikufa Seif Akiwa Arubaini kwa Thelathini

Jumatatu, mwezi wa Mfunguo Pili, saa nne asubuhi. Joto la kaskazi, hata jani halitikisiki. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mswaki nshapiga mara tatu. Mtu wa umri wangu akipiga mswaki mara tatu kabla ya saa nne, ujue ana jambo mdomoni linalokataa kutoka.

Daftari, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Jana nimesema uongo mbele ya mtaa mzima.

Wenyewe si mrefu. Ni neno moja tu: "Kashinda."

Aliyeshinda, au asiyeshinda, ni Seif wa Bi Zuwena, yule muuza mikate ya kumimina, nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Mkunazini. Kijana mwenyewe ni karani wa bandarini, mrefu, anachezea mkono wa kushoto, mpole mpaka anaudhi. Wiki iliyopita alipanda ndege kwenda Nairobi kwenye mashindano ya tenisi ya Afrika Mashariki nzima, na huko akawapiga mmoja baada ya mmoja mpaka kafika fainali. Mtu wetu wa kisiwani, fainali. Hata wale wasiojua tenisi inachezwa kwa mkono au kwa mguu walianza kuisemea.

Na mimi ni Mzee Chokaa. Jina nililopewa na wazee wangu wanalijua watu wawili, na mmoja kashakufa. Miaka ishirini na mbili nilivuta lile gogo la chuma la kusawazisha viwanja vya klabu ya Waingereza, na kuchora mistari kwa chokaa. Mistari yangu ilinyooka kuliko wanachama wao. Raketi sikuruhusiwa kushika. Ila mipira ikiruka ukuta ni mimi niliyetumwa kuitafuta, na mara nyengine macho yangu yalikuwa mabovu, sikuiona. Ajabu ni kwamba Seif alipokuwa mdogo hakukosa mpira wa kupiga ukutani uchochoroni. Mungu humruzuku amtakaye.

Baada ya Mapinduzi klabu ikawa ya watu wote. Seif akaingia kwa mlango wa mbele, mimi nyuma yake, nikakikalia kile kiti cha kijani nilichokuwa nikikipangusa miaka yote. Kigumu vibaya. Sijui walikuwa wakikigombania nini.

Basi redio ya barazani ni yangu. Na Kiingereza cha barazani pia ni changu, maana Nairobi walitangaza kwa Kiingereza, na kwetu sisi Kiingereza ni mimi. Nilisoma madarasa matatu tu, lakini Kiingereza cha tenisi hakihitaji la nne. Kumi na tano, thelathini, arubaini. Usiniulize kwa nini si arubaini na tano. Niliwauliza Wazungu wenyewe, wakakasirika.

Tatizo betri. Zilikuwa zimechoka, na mimi nikafanya tufanyavyo sote: nikazianika juani juu ya paa tangu asubuhi ili zipate nguvu. Adhuhuri nikazigeuza upande wa pili kama papa. Alasiri nikazitia. Redio ikaamka, ikasema vizuri kabisa, nami nikajiona fundi.

Seti nne nilizitafsiri bila kosa. Makame muuza kahawa, Mtumbatu mwenye ulimi kama wembe, alikuwa akigonga vikombe kila Seif akipata pointi. Baraza ilijaa, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi za jirani. Bi Zuwena alisimama mlangoni kwake, ukingo wa buibui kauuma kwa meno. Seti ya tano, Seif tano, mwenzake nne. Seif ndiye anayeanzisha mpira. Arubaini kwa thelathini. Nikawaambia, "Umebaki mpira mmoja." Watu wakaacha kupumua.

Redio ikakohoa, ikafa.

Niliweka sikio. Nikasubiri. Hamna kitu, hata mvumo. Nikainua kichwa nikakuta macho yote yananitazama, na nyuma yao macho ya Bi Zuwena. Sikupanga, walahi. Neno lilitoka lenyewe kama chafya.

"Kashinda."

Yaliyofuata unayajua, daftari, maana hata wewe huko ndani ya sanduku umesikia vigelegele. Vijana walitoka na ngoma mpaka Darajani. Makame aligawa kahawa bure, jambo ambalo hakulifanya tangu azaliwe. Mimi nilibebwa. Mzee wa miaka sabini kubebwa si raha hata kidogo, mbavu zinauma mpaka leo. Kisha wakataka niwaelezee ule mpira wa mwisho ulivyokuwa.

Nikawaelezea.

Nilisema uliangukia juu ya mstari, vumbi la chokaa likapanda. Kwa nini nitie chokaa? Kiburi tu. Hata katika uongo nilitaka mstari wangu uwemo.

Habari za redio usiku, kwa redio ya jirani, zilizungumza karafuu na wageni wa serikali. Tenisi hata neno. Leo asubuhi nimekwenda posta kuuliza kama kuna telegramu ya Bi Zuwena kutoka Nairobi. Karani akacheka. "Telegramu ya nini, Mzee Chokaa, na wewe ulisikia kwa masikio yako? Hebu tuelezee ule mpira." Watu waliokuwa foleni wakageuka. Nikaelezea. Safari hii yule mwenzake Seif alilia.

Nikapita sokoni. Muuza ndizi, simjui hanijui, ananambia Seif alipopata pointi ya mwisho alisujudu palepale uwanjani. Hilo la kusujudu mimi sikulitia. Nikasema alhamdulillahi, kuna mtu kasikia kweli.

"Umesikia wapi, mwanangu?"

"Kwa shemegi yangu."

"Na yeye?"

"Kasikia kwa mtu aliyesikia kwa Mzee Chokaa."

Nikanunua ndizi nikarudi nyumbani.

Na haya yote ningeyabeba. Uongo wa barazani nimebeba mwingi, hata huu mgongo umepinda kwa ajili yake. Lakini asubuhi hii Bi Zuwena kanipitia na mkate mzima wa kumimina, wa moto. "Shikamoo babu. Wewe ndiye uliyeniletea furaha, basi uanze wewe." Kisha kanambia la nadhiri. Siku Seif anaondoka aliweka nadhiri kwa Mungu: akishinda, atamchinja yule beberu wake mweupe na kulisha mtaa. Maalim Khamis wa msikitini keshaambiwa, kisu kinanolewa, leo baada ya adhuhuri.

Mkate uko hapa mbele yangu. Umenuka iliki nyumba nzima. Siwezi kuumeza.

Maana kama hakushinda, Seif atashuka ndege akute watu wameshakula ushindi wake na mifupa wamewapa paka.

*

Baada ya adhuhuri, haraka haraka.

Nilijaribu ujanja. Nilimwambia Maalim Khamis kwamba nadhiri haichinjwi Jumatatu. Akaniuliza kitabu gani. Nikasema nimesahau kitabu ila nakumbuka ukurasa. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa.

Nilimwambia Makame gazeti la Dar lishakuja na ndege, twende tukalisome kwanza. Tukaenda. Lilikuwa na mpira wa miguu na tangazo la sabuni. "Yakhe," Makame akasema, "gazeti la nini na sisi tunaye wewe?"

Nikarudi nikaingia uani kwa Bi Zuwena. Beberu kafungwa kwenye mlimao, anakula majani. Masufuria mawili ya kukodi yapo, mchele ushachaguliwa, wanawake wanakata vitunguu na machozi yanawatoka, na mimi nikaona bora nilie nao ili nipate kisingizio. Nilimwita Bi Zuwena pembeni.

Nikamwambia. Kila kitu. Betri, paa, arubaini kwa thelathini.

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Kwa hivyo mwanangu hakushinda."

"Sijui, Bi Zuwena. Labda kashinda. Labda kashindwa. Mimi nlisikia mpaka arubaini kwa thelathini."

"Na hiyo ni nini?"

"Ni kuwa mlangoni, mguu mmoja ndani."

"Na mwengine?"

"Nje."

Kisha akaenda kwenye mlimao, akafungua kamba ya beberu, akaja akanitia mkononi.

"Basi shika hii. Mpaka habari ije, hachinjwi mtu, na wewe huondoki. Wakiuliza, utawajibu wewe."

Ndipo nilipo sasa. Nimekaa kwenye kizingiti, kamba imefungwa kifundoni mwa mguu ili mkono upate kuandika, na beberu keshaila kona moja yako, daftari, unisamehe. Maalim Khamis kaja na kisu ndani ya kitambaa: "Bi Zuwena, wakati unapita." Bi Zuwena kamjibu bila kugeuka, "Mbuzi ana mgeni, Maalim. Msubiri amalize."

Kila anayepita ananiuliza. Wa kwanza nilimwambia kisu kibutu. Wa pili nilimwambia beberu ana homa. Wa tatu alikuwa Makame. Alisimama na dele lake la kahawa, akanitazama mimi, akamtazama beberu, akasema, "Mzee, katika nyinyi wawili sijui nani anayesubiri kuchinjwa."

Nilifungua mdomo nimcheke. Nikajikuta nimemwambia kweli. Yeye na wote waliokuwa mlangoni.

Unajua walifanya nini? Walicheka wao. "Mzee Chokaa bwana, hata siku kama hii huachi mzaha." Mmoja akanipiga begani. Wakaondoka wakisema, tutarudi pilau ikiiva.

Miaka yote nimetaka waamini uongo wangu. Leo nataka waamini kweli, hawataki.

*

Magharibi imeshasaliwa. Mikono yangu inanuka mbuzi.

Telegramu ilikuja alasiri. Tarishi wa posta kwa baiskeli, kengele tangu pembeni ya mtaa. Nikainuka na beberu akainuka. Bi Zuwena hajui kusoma herufi za Kizungu, na desturi barua za nyumba ile huzisoma mimi. Nikanyoosha mkono.

Akaivuta nyuma.

"Wewe hapana. Maalim asome."

Mbele ya wanawake wote wale. Nilistahiki.

Maalim Khamis akaweka kisu chini, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya khutba: "Nimeshinda. Naja Jumatano. Seif." Bi Zuwena akamwambia asome tena. Akasoma tena. Akamwambia amwonyeshe neno lenyewe liko wapi, akaweka kidole juu yake, kidole chenye unga wa mchele, akakaa nacho pale.

Kisha akalia.

Jana hakulia, daftari. Jana watu wote walipiga kelele na yeye alisimama tu mlangoni anatabasamu kama mtu aliyesikia habari ya nyumba nyengine. Leo mtaa haukupiga kelele. Walikuwa wanashangaa analia nini, mbona jambo lilishajulikana. Hata vigelegele vilitoka viwili vitatu tu, vya adabu. Furaha waliitumia yote jana kwa neno langu, na ilipokuja ya haki yake, mfuko mtupu. Ni mimi na Bi Zuwena tu tuliokuwa na habari mpya. Na beberu, lakini kwake ilikuwa habari mbaya.

Nilitaka kumwambia, unaona, Bi Zuwena, nilisema kashinda na kweli kashinda. Nilishafungua mdomo. Akanitazama. Nikaufunga.

Nikamshika beberu miguu mwenyewe wakati wa kuchinjwa. Alinitazama pia. Leo kila mtu ananitazama.

Pilau ilikuwa nzuri, nimeambiwa. Mimi nilikuja kukaa hapa ndani. Sikuweza kukaa nao wakinisifu kwa masikio yangu makali. Lakini kabla hata taa sijawasha, Makame akagonga na sinia limefunikwa kawa. "Bi Zuwena kasema hili ni fungu lako, na umalize."

Nikafunua. Pilau kidogo, pilipili ya mbilimbi pembeni, na juu yake, mzima, umechemshwa, umelazwa katikati ya sinia peke yake: ulimi wa beberu.

Nimecheka mpaka mbavu za kubebwa zikaniuma upya. Kisha nikaacha kucheka.

Nimeula. Wote. Mgumu, maana beberu alikuwa mzee kama mimi, na meno niliyobaki nayo ni ya kuhesabika. Nimetafuna polepole, na kwa muda wote ule, kwa mara ya kwanza tangu jana, sikuweza kusema kitu.

Jumatano Seif anateremka. Watanipeleka uwanja wa ndege, najua, wataniweka mbele, na vijana wataniambia, "Mzee Chokaa, mwelezee mwenyewe mpira wake wa mwisho." Nimekaa hapa natafuta la kuwaambia, na la ajabu, sitaki kusema. Nataka kumuuliza. Nimechora mistari miaka ishirini na mbili na sijawahi kumuuliza mchezaji hata mmoja neno.

Nitanunua betri mpya kesho, duka likifunguliwa tu. Kisha keshokutwa nitamshika mkono huo wa kushoto, nitamwita pembeni mbali na Makame, nimuulize: Seif mwanangu, ule mpira uliangukia wapi?

Na akinambia uliangukia mbali na mstari, nitaweza kunyamaza?