Neema, uko mwanafunzi bado?

Masisi, siku ya tano ya juma, magaribi

Na ile ordinatere, mashine yetu ya kuandikia, haijui kitu. Kila nikiifungua inaandika: Bonjour, Neema.

Mudogo wangu Neema alikuwa anasoma Goma, njo maana ile programu ya kuandikia tuliipata kwa bei ya wanafunzi, kwa jina lake. Tuliitumia wote: mimi kwa mitihani ya darasa langu, jirani yetu Papa Kambale kwa fakture za duka, zile karatasi za kudai wateja pesa. Hapa kila muntu anafanya hivyo. Bei ya watu wakubwa nani angeiweza?

Leo, mbele ya kuniacha niandike, ikauliza: Neema, uko mwanafunzi bado? Chini yake, ndiyo ao hapana.

Tangu bomu limukute kwenye barabara ya Bweremana, tukikimbia, hakuna muntu ananiuliza habari zake. Wanaogopa kutaja jina lake mbele yangu. Mashine haikuogopa.

Papa Kambale alikuwa anangojea zamu yake. "Mama, finya ndiyo. Ukifinya hapana, itafunga, na watoto wa darasa lako wako na mitihani siku ya kwanza ya juma. Ile ni mashine tu."

Alisema kweli. Lakini nilimukasirikia! Mbona hakufinya yeye mwenyewe?

Nikafinya ndiyo.

Ikaandika: Asante, Neema. Tunakutakia mwaka mwema wa masomo.

Na mimi, mujinga, nikaijibu kwa sauti, mbele ya Papa Kambale: asante.