Picha Iliyobaki Kinna

Isiolo,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Goti lako linasemaje na baridi ya Wundanyi? Na ule mparachichi wa nyuma ya jikoni umezaa mwaka huu? Sisi tuko, Mungu ametushika. Ekiru bado anachomelea milango na madirisha, nami nashona sare za shule pale sokoni, ingawa kazi imepungua tangu kiangazi kimalize mbuzi wa watu. Mjukuu wako Wakesho amepoteza meno ya mbele na anaringa kama aliyepewa zawadi.

Najua utauliza mbona barua na simu ipo. Mama, hiyo simu yako ya kabambe haipokei picha, na haya ninayokuandikia nikiyasema kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa hasira. Bati likavuja juu ya kabati, mfuko wetu wa picha ukaloa wote. Nikazibandua polepole, nikazianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio: harusi yetu, ubatizo wa Wakesho, wewe na marehemu baba mkicheka shambani. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Ata, yaani nyanya kwa Kiturkana, akaleta kigoda akakaa akizitazama zikipepea.

“Tutengeneze kitabu,” akasema. “Sisi wote. Mvua isituchukulie watu.”

Basi tukaanza. Mimi nikashona jalada kwa vipande vya khaki vilivyobaki kwenye sare. Ekiru akakata karatasi za manila. Wakesho akaandika majina kwa kalamu ya rangi, ulimi nje. Alipofika kwa babu yake akakwama.

“Ata, picha ya Babu iko wapi?”

“Huyo hakupigwa picha.”

“Alikuwa na sura gani?”

Ata akafikiri sana. “Alikuwa mrefu,” akasema.

Hiyo habari unaijua kidogo. Lopeyok, baba yake Ekiru, alipeleka mifugo mbali wakati wa kiangazi, akaumwa na nyoka, akazikwa huko karibu na Korbesa. Ekiru alikuwa hajaanza hata kutambaa. Nimeishi na mume wangu miaka yote hii, na mara nyingi nimemkuta akinyoa ndevu, wembe umesimama hewani, anajitazama kwenye kioo. Siku moja aliniuliza, “Hii pua unadhani ni ya nani?”

Asubuhi iliyofuata akaja jirani yetu Mama Halima, yule Mborana anayetuletea maziwa ya ngamia.

“Salaam aleikum! Hapa kuna harusi ama?” akauliza alipoona picha kwenye kamba. Akapita akizitazama. “Na baba yake Ekiru, mbona simwoni?”

Nikamweleza. Akaweka mtungi wake chini.

“Alipigwa,” akasema. “Mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa msichana, mama alinipeleka studio ya Mzee Guyo tupigwe picha ya Idi. Mbele yetu kulikuwa na Lopeyok na mtoto mdogo, peke yao. Mtoto analia, yeye anamwimbia. Mwanaume kubeba mtoto mjini siku hizo? Sisi wote tulicheka.”

Ata akasimama. “Siku hiyo aliniambia anampeleka mtoto kliniki, kupimwa uzito,” akasema polepole. “Alirudi akicheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini, akakataa kusema.”

Mzee Guyo aliifunga studio zamani, akahamia Kinna kwa binti yake anayelima huko. Ekiru alizima mashine yake, akanawa mikono, akasema, “Twendeni.”

Tulimkuta ameketi kwenye veranda, macho yameisha kabisa. Binti yake akatutolea masanduku ya bati, matatu, yamejaa filamu zilizofungwa kwa magazeti. Nikashangaa, nikamuuliza, “Mzee, hizi zote umeziweka za nini?”

“Ni watu, mama,” akanijibu. “Wengine walipigwa picha wakafuata mifugo, hawakurudi kuchukua. Nitatupaje watu?”

Tulikaa mlangoni tukiinua filamu kwenye mwanga, utepe baada ya utepe. Unakumbuka zilivyo, nyuso nyeusi zinaonekana nyeupe, meno yanakuwa meusi, kila mtu kama mzimu. Mimi sikuweza kumtofautisha mmoja na mwingine. Mchana ulikuwa umeanza kugeuka Ata aliposhika utepe mmoja, akautazama, akausogeza karibu na macho.

“Ndio huyu,” akasema. “Hiyo bega moja iko chini. Hivyo ndivyo alikuwa anasimama.”

Mzee Guyo akanyoosha mkono, akaugusa mkono wa Ata. “Amekuja kuchukuliwa?” akauliza.

“Amekuja kuchukuliwa,” Ata akajibu.

Tukarudi mjini, tukaingia kwa kijana wa saiba, lile duka la kompyuta, mwenye mashine ya kusoma filamu. Mama, nitakueleza vipi? Ile sura ilitokea kwenye kioo cha kompyuta, nyeupe ikawa nyeusi, nyeusi ikawa nyeupe, na hapo akasimama mtu. Amevaa koti la studio juu ya shuka yake, nyuma yake kuna maporomoko ya maji yaliyochorwa ukutani. Mtoto yuko kifuani, machozi bado mashavuni, ameshika sikio la baba yake kwa ngumi. Na yule kijana Lopeyok anacheka, Mama, anacheka na sisi!

Pua ni yenyewe.

Ekiru alitazama mpaka nikaogopa. Kisha akashika sikio lake mwenyewe. “Alinibeba,” akasema. Hilo tu. “Alinibeba.” Mimi nilihisi niko kanisani.

Na Ata unajua alisema nini? Alisogea karibu na kioo, akacheka hadi shanga za shingoni zikagongana. “Kumbe alikuwa mtoto! Mimi nilifikiri niliolewa na mzee! Tazama, Ekiru, wewe ndiye mkubwa sasa.” Halafu akajifunika uso kwa leso.

Juzi jioni tulimaliza kitabu. Lopeyok tulimshika kwa pembe ndogo za karatasi, hatukutaka gundi imguse. Tulipotaka kufungua ukurasa wa harusi yetu, Ata akatuzuia. Akaingia ndani, akatoka amejipaka mafuta, amevaa shanga zake zote, hata zile ambazo sijawahi kuziona. Yeye ambaye hukimbia simu ikielekezwa kwake! Wakesho akampiga picha hapo kando ya boma, Ekiru akakimbia nayo saiba. Ata akaibandika kwa mkono wake, kwenye ukurasa unaomkabili mumewe.

“Hapa,” akasema. “Kitabu ikifungwa, tunalala pamoja.”

Akakifunga mwenyewe, akaweka kiganja juu yake.

Nakuwekea nakala ya picha ya Lopeyok humu ndani, umwone mkwe mwenzio. Tumeacha kurasa za watu wa Wundanyi. Tafadhali mtafute bibi, mzaa baba, kama picha yake bado iko kwa shangazi Mkamburi. Msalimie kaka Mwakio na mkewe, mwambie mashine aliyoninunulia bado inashona vizuri. Msalimie mjomba wa kwaya, na watoto wote wa hapo juu na wa bondeni. Ekiru anakuamkia, Ata anasema salamu zake ni nyingi kuliko karatasi.

Jitunze, Mama, na baridi isikuonee.

Mimi mwanao anayekupenda,
Mghoi