Mkwe Ndani ya Redio

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie haraka kabla mke wangu hajafungwa kwa sababu ya habari za jioni.

Mimi nina duka hapa Karurumo na tangu serikali ituhamishie katika kijiji hiki cha Emajensi, hii hali ya hatari, nyumba zimebanana mpaka jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani, sasa binti yetu ameolewa na Kithaka, kijana msomi, naye akapata kazi ya kusoma habari Nairobi, nami kwa furaha nikanunua redio, ya pekee kijijini, kumbe nimeleta balaa, kwa maana Kithaka alipoanza tu kusema, mke wangu Wambeti alijitupia shuka kichwani, akaacha njahi motoni na kutoka nje, akisema, "Mimi siwezi kukaa chumba kimoja na mkwe, muthoni wangu, hata kama amekuja bila miguu," nikamweleza kwamba mkwe yuko Nairobi na humu mna betri na waya tu, akaniuliza, "Kama hayuko, wewe unamjibu nani?" maana ni kweli Kithaka akitusalimu mimi huitikia, ni adabu, lakini shida ni kwamba habari husomwa baada ya kengele ya kafyu, na juzi Runji, homgadi anayelinda kijiji, alimkuta mke wangu amesimama nyuma ya ukuta wetu, kimya, akamwambia akimkuta tena atampeleka kambini, na jana ametoka tena, nami siwezi kuzima kwa sababu majirani wamezoea kusikiliza kupitia kuta zao, nifanye nini, na tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi, Mwenye Redio, Karurumo.

Bwana Mwenye Redio,

Jina nimelificha, ingawa redio ni moja kijijini na mkweo umemtaja mwenyewe, kwa hiyo sijui tunamficha nani.

Pole kwa hofu, lakini aibu pia ikupate kidogo. Mkeo alale kambini ili majirani wakusifu? Runji hataulizia mila, ataona mtu nje. Wala usimchoshe Wambeti na mambo ya waya, mwacha mila ni mtumwa. Mimi ni mtu wa Majengo, Meru, mila yenu si yangu, lakini nina binti aliyeolewa mbali. Umesema mkeo husimama nyuma ya ukuta. Anayekimbia sauti hasimami pale inaposikika vizuri. Bwana, huyo anasikiliza. Siku hizi hakuna kusafiri bila pasi, na sauti ya Kithaka ndiyo habari pekee anayopata ya nyumba ya bintiye. Kithaka akiwa na mafua, akiwa amekula, akiwa amegombana na mkewe, mama anajua.

Basi leo hii shona magunia ya dukani, ukate chumba kwa pazia. Redio ikae upande wako, Wambeti na jiko lake upande wa pili, kabla ya kengele. Mpaka pazia liwe tayari, zima redio. Kithaka hatajua.

Na akitoa salamu, wewe nyamaza. Ukiitikia kwa kelele, mama wa watu hasikii kama mtoto wake yu mzima.

Bi Mashavu