Firigisi ya Wataalamu wa Ruta

Dada Rehema mpenzi,

Salamu kutoka Malava, kwenye mvua na miwa. Nilianza kukuandikia kwa kalamu kwa sababu intaneti ya ukweni ilikuwa bado inajadiliwa.

Mama mkwe alichinja kuku, akatangaza kwamba atakayeunganisha mtandao ili amwone mjukuu wake aliyezaliwa Kanada ndiye atakayekula firigisi. Huku hicho ni kipande cha mwanamume mwenye heshima, mwanamke hakionji. Basi mume wangu na kaka yake, mainjinia wawili wa kompyuta, Mungu atuhifadhi, wakakitoa kile kisanduku cha kusambaza intaneti kwenye boksi. Mmoja akakiita "ruta." Mwingine akacheka hadi akakohoa: ati msomi husema "rauta." Wakabishana saa nzima! Kisha wakaona tundu limeandikwa LAN, wakaanza upya: litamkwe kama neno au herufi moja moja? Ugali ukapoa, mchuzi ukaganda.

"Kwani hii kitu inatamkwanga ama inawashwanga?" akauliza mama mkwe. Akaushika waya wa umeme, akauchomeka ukutani. Hakuna aliyekuwa ameuchomeka! Taa za kisanduku zikawaka. Akanipa simu yake niandike namba ya siri iliyobandikwa chini ya kisanduku, na mara akawa anamwimbia mjukuu wake, firigisi shavuni.

Wataalamu wamepewa shingo.

Nibusie watoto. Wakitaka kusomea kompyuta, wafundishe kwanza kuchomeka waya.

Mdogo wako,
Neema