Uhojiwe Mlango Ukiwa Wazi

Mjukuu wangu Nyambura,

Huku Ruring'u tuko salama. Cucu, bibi yako, anakusalimu, ng'ombe amezaa, na mimi bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote, hata wakikataa.

Unauliza kama uombe kuhojiwa na kupigwa msasa faraghani, kwa vile watu wanasema umeteuliwa kwenye bodi ya kaunti kwa sababu ya mjomba wako. Sikiliza mtu aliyeachia shule darasa la sita.

Nilikuwa msaidizi wa kugawa maji ya mfereji mashambani, nikapendekezwa niwe msimamizi. Chifu akataka kunihoji ofisini. Mama mmoja muuza viazi akakataa. "Ati ofisini? Maji ni yetu, aulizwe hapa nje!" Kisha akanigeukia: "Wewe kijana, si unamfungulia mzee Ndirangu maji kwa siri kwa sababu unamtaka binti yake?"

"Binti namtaka," nikasema. "Maji sijafungua."

Watu wakacheka, lakini hawakuniamini. Ndipo mzee Ndirangu akainuka kwa hasira: "Njooni muone kabeji zangu!" Tukaenda wote. Zilikuwa zimenyauka vibaya sana, nikamshukuru Mungu. Kazi nikapata, na binti huyo ndiye cucu yako.

Ningehojiwa ndani, mzee yule angenitetea vipi? Waambie watakaokuhoji waache mlango wazi. Wanaokusengenya wataingia, sawa, lakini wanaojua kazi yako nao wataingia. Mimi nitaketi mbele kabisa, na koti langu jipya.

Guka yako