Mlango wa Mama Kwenye Kundi Langu

Fortu, umeme umekatika, nasikia tu kifuniko cha sufuria kikigongagonga jikoni.

Unalikumbuka lile kundi langu la WhatsApp la masalia ya ujenzi, nililoanzisha baada ya masomo ya jioni ili mbao na mabati yanayobaki saiti yasitupwe? Jana kaka yangu Beda kaweka humo picha ya mlango, ya gizagiza. Kaandika "masalia". Mimi mwenyewe nikamtafutia fundi wa Msanzi wa kuununua!

Leo wakati wa kuupakia garini nikauona kwa karibu. Una zile alama za kisu tulizopimia kimo cha mwanangu Abeli. Fortu, ni mlango wa mama! Wa nyumba yake ya Kasense!

Nikampigia Beda. "Si ulisema mama akae kwangu wakati unabadilisha paa tu?" Akacheka. "Mama Abeli, nyumba nimeshauza, inabomolewa. Mama si yuko kwako?"

Yuko kwako! Kasema hivyo hivyo!

Na mama keshafungasha nguo, anajua Jumapili anarudi kwake. Nimwambieje? Mlango wake umepita kwenye kundi langu, Fortu.

Subiri. Abeli nilikuwa naye wakati wanapakia. Namsikia chumbani kwa mama:

"Bibi, mlango wako umeondoka na gari."