Ngozi ya Kefa

Jumanne, 2 Julai 2024
Baridi ya kukata masikio. Na mimi nimeharibu! Mjukuu wangu Kefa, miezi mitatu, alilia sana. Nikambeba mgongoni kwa kitenge, kama nilivyobeba wanangu wote. Kumshusha — ngozi ya mapaja imebaki kwenye kitenge. Yesu wangu! Na yale malengelenge yaliyokuwa yakimtoka mikononi, tulidhani ni joto la mablanketi. Mama yake, Tabea, alimchukua mtoto, akafunga mlango. Mwanangu wa kumzaa! Heri angenifokea.

Alhamisi, 4 Julai
Hospitali. Daktari kasema ngozi ina tabaka mbili, na katikati kuna utando mwembamba wenye nyuzi za kuzishikiza. Nyuzi za Kefa ni dhaifu tangu tumboni. Ukimsugua, ngozi ya juu inaachia, maji yanajaa. Haiambukizi. Wala si kurogwa — hilo nimemwomba aliandike, nimwoneshe jirani yetu Mama Yusto! Wamekata kipande cha ngozi, kinakwenda Dar kupimwa. Kama inaachia juu ya utando, afadhali. Kama ni chini, makovu, na vidole vinaweza kushikana. Tabea aliuliza hilo la vidole mara mbili.

Jumapili, 7 Julai
Mwalimu mstaafu nimerudi darasa la kwanza. Kumnyanyua kwapani marufuku. Anabebwa juu ya mto. Nguo avae kinyume, mishono ikae nje. Lengelenge linatobolewa kwa sindano safi, ngozi yake inaachwa palepale. Plasta ya kunata, hata kuisogeza karibu yake marufuku! Tabea ananifundisha yote, ila mtoto hanipi. Nikamtania: "Mtihani lini, mwalimu?" Kacheka kidogo. Nilitoka nje nikalia.

Jumatatu, 15 Julai
Majibu bado. Tabea kaenda Makambako kupokea bandeji zisizonata, zimetumwa kwa basi. Kabla ya kuondoka alinijia na mto, Kefa juu yake.
"Mama, mshike."
Basi. Nikaupokea mto!

Saa sita. Kefa kaamka, kanitazama, kacheka — kibogoyo wangu! Akakamata kidole changu cha shahada. Kisha kasinzia hivyohivyo, kang'ang'ania. Nikikivuta nitamchuna. Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama kuku kaparua. Mama Yusto anabisha hodi, sijibu. Maharage yanaungua, moshi umefika sebuleni.

Acha yaungue.